Kiwambo cha Chogo au Kiwambo Bapa?

Miongoni mwa maamuzi ambayo mwalimu msimamizi wa chumba cha kompyuta hulazimika kuyafanya, upo mmoja unaoonekana mdogo lakini wenye gharama kubwa ndani yake. Je, viwambo vya zamani vyenye mgongo mrefu, ambavyo mitaani huitwa vya chogo, viendelee kutumika, au viondolewe na mahali pake pawekwe viwambo bapa? Madukani swali hili lilikwisha kujibiwa zamani, kwa kuwa viwanda vikubwa vilivyotengeneza viwambo vya chogo vilifungwa kimoja baada ya kingine katika miaka ya 2000, na leo kiwambo kipya cha aina hiyo hakiuzwi tena. Lakini katika shule zilizopata kompyuta zake kwa msaada, au kwa kununua zilizokwisha kutumika kwingineko, bado vipo mezani, bado vinawaka, na bado wanafunzi wanajifunza kwavyo. Fedha za kununua viwambo 20 ni fedha ambazo zingeweza kununua vitabu au kemikali za maabara. Kwa sababu hiyo jambo hili lastahili hesabu, wala lisiamuliwe kwa kuona haya ya kuonekana nyuma ya wakati.

Haya ya namna hiyo imewahi kuwagharimu watu. Urushaji wa televisheni kwa mfumo wa analojia ulipoanza kuzimwa nchini Tanzania tarehe 31 Desemba 2012, wako walioamini kwamba televisheni za chogo zimekufa siku hiyo, wakaziuza kwa bei ya kutupa. Ukweli ni kwamba kilichobadilika ni namna mawimbi yalivyobeba picha. Televisheni ile ile ya zamani, ikiunganishwa na king'amuzi, iliendelea kuonyesha kama kawaida. Umbo la kiwambo na aina ya mawimbi ni mambo mawili mbalimbali, na mwenye kuyachanganya hununua kitu ambacho hakukihitaji.

Ndani ya chogo mna nini

Kiwambo cha chogo ni mjukuu wa tyubu iliyobuniwa na mwanafizikia Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Nyuma kabisa, kwenye shingo nyembamba, kuna kathodi inayopashwa moto mpaka ikatoa elektroni. Elektroni hizo huvutwa kuelekea mbele kwa nguvu ya umeme ambayo katika kiwambo cha rangi hufikia kiasi cha volti 25,000. Njiani hupita katikati ya koili za waya wa shaba. Umeme upitao katika koili hizo hufanya sumaku, na sumaku huupinda mwale wa elektroni kulia, kushoto, juu na chini. Upande wa ndani wa uso wa kioo umepakwa unga wa fosfa, ambao hung'aa unapopigwa na elektroni. Mwale huanza pembe ya juu kushoto, ukachora mstari mmoja hadi kulia, ukarudi, ukachora wa pili, na kuendelea hivyo mpaka chini. Kisha kazi huanza upya, mara 60 au zaidi katika kila sekunde.

Kwa picha ya rangi huwamo miale mitatu, na fosfa za namna tatu, yaani nyekundu, kijani na buluu, zilizopangwa kwa nukta au michirizi midogo sana. Bamba la chuma lenye matundu huzuia kila mwale usiguse fosfa isiyo yake. Rangi nyingine zote ni mchanganyiko wa hizo tatu. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha hilo kwa kuweka tone dogo la maji kwa ncha ya kidole juu ya uso wa kiwambo kilichowaka rangi nyeupe, kwa kuwa tone hilo hufanya kazi ya lenzi, na nukta tatu za rangi huonekana dhahiri. Zanzibar ilipoanzisha televisheni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikionyesha rangi wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe, kila seti iliyokuwa sebuleni huko ilifanya kazi kwa kanuni hii.

Sasa ni rahisi kuona kwa nini chogo ni lazima liwepo. Mwale utokao mahali pamoja hauwezi kupindwa ghafla ukafika kwenye pembe za kioo kipana bila ya kupewa nafasi ya kusafiri. Kadiri uso unavyopanuka ndivyo mgongo unavyorefuka. Tena, elektroni haziwezi kusafiri kwa uhuru penye hewa, kwa hiyo hewa yote huondolewa ndani ya tyubu. Hapo nje kanieneo ya angahewa hubaki ikikisukuma kioo kwa nguvu ya takriban nyutoni 10 kwa kila sentimeta ya mraba. Uso wa kiwambo cha inchi 17 una eneo la karibu sentimeta za mraba 800, hivyo hubeba nguvu ya nyutoni 8,000, ambayo ni sawa na uzito wa gari dogo lililoegeshwa juu ya kioo. Ndiyo sababu kioo hicho ni kinene, na ndiyo sababu kiwambo kizima huweza kuwa na uzito wa kilo 15 hadi 20.

Kuna sababu nyingine ya uzito huo, nayo itarudi mwishoni mwa makala haya. Elektroni zenye kasi kubwa zinapogota kwenye chuma na kioo huzalisha kiasi fulani cha eksirei. Ili miale hiyo isitoke nje, kioo cha sehemu ya nyuma huchanganywa na oksidi ya risasi, ambayo katika tyubu za rangi hufikia kama moja ya tano ya uzito wa sehemu hiyo. Kinga hii hufanya kazi yake vizuri. Wasiwasi wa wazazi kwamba watoto wanaokaa mbele ya chogo huchomwa na miale hauna msingi, wala si sababu ya kununua kiwambo kipya.

Fuwele zinazotiririka

Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, aliyekuwa akifanya kazi mjini Prague, aliyeyusha kemikali moja iliyotokana na kolesteroli akaona jambo la ajabu. Kwenye joto la sentigredi 145.5 kemikali hiyo iliyeyuka ikawa kimiminika chenye ukungu, na ilipofika sentigredi 178.5 ukungu huo ukatoweka, kimiminika kikawa safi. Ilikuwa kana kwamba kitu kimoja kina viwango viwili vya kuyeyuka. Mwanafizikia Otto Lehmann, aliyepelekewa kemikali hiyo, alitambua kwamba katikati ya viwango hivyo viwili mna hali ambayo si yabisi kamili wala si kimiminika cha kawaida. Molekuli hutiririka kama maji, lakini hubaki zimeelekea upande mmoja kama zilivyo molekuli za fuwele. Hizo ndizo fuwele-kimiminika. Kwa muda wa karibu miaka 80 zilibaki kuwa kioja cha maabara.

Mwaka 1968 kikundi cha George Heilmeier katika kampuni ya RCA nchini Marekani kilitangaza kioo cha kwanza cha kuonyesha kwa kutumia fuwele hizo, na mwaka 1970 Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, nchini Uswisi, wakapata namna iliyo bora zaidi. James Fergason wa Marekani alifikia wazo kama hilo karibu wakati huo huo. Namna yenyewe si ngumu kueleweka na mwanafunzi aliyekwisha kujifunza sura ya mawimbi. Mwanga wa kawaida hutikisika katika pande zote. Ukipita katika kichujio cha polaraiza, hubaki ule utikisikao upande mmoja tu. Vichujio viwili vikipangwa kwa pembe ya nyuzi 90, kimoja nyuma ya kingine, hakuna mwanga utakaopita, kwa sababu unaopitishwa na cha kwanza huzuiwa na cha pili. Katikati ya vichujio hivyo huwekwa tabaka jembamba la fuwele-kimiminika ambazo molekuli zake zimesokotwa kama kamba, robo ya mzunguko. Msokoto huo huugeuza mwanga nyuzi 90, nao hupita. Umeme mdogo ukitiwa, molekuli husimama wima, msokoto hupotea, na mahali hapo huwa peusi. Hapana kinachopashwa moto, wala hapana elektroni zinazorushwa. Kuna mlango wa mwanga tu, unaofunguka na kufungwa.

Mwanafunzi anao mfano wa kifaa hiki katika mfuko wake, nao ni kikokotoo. Akikitazama kupitia miwani ya jua ya polaraiza huku akiizungusha polepole, kioo chote kitageuka cheusi kisha kitarudi kuwa wazi. Jaribio hilo hilo hufanikiwa mbele ya kiwambo bapa, lakini mbele ya chogo halionyeshi kitu.

Toka kikokotoo mpaka kiwambo cha kompyuta palikuwa na safari ndefu, kwa maana kiwambo cha inchi 17 kilichozoeleka kina nukta 1,280 kwa upana na 1,024 kwa urefu, yaani nukta 1,310,720. Kila nukta ina vyumba vitatu vya rangi, na kila chumba kina transista yake. Transista zaidi ya milioni 3.9 zinapaswa kujengwa juu ya bamba moja la kioo, na zikifa chache tu, macho huziona. Kazi iliyofanywa na Walter Spear na Peter LeComber katika Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, mwaka 1979, ya kutengeneza transista kwa silikoni isiyo fuwele, ndiyo iliyofungua njia ya jambo hilo kufanyika kwa gharama iliyovumilika.

Walimu wanastahili kujua pia kwamba kiwambo bapa cha aina nyingine, kile cha plazma, kilibuniwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois na Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson kwa ajili ya kufundishia. Mradi wao wa PLATO ulihitaji kiwambo ambacho mwanafunzi angekaa nacho mbele akajifunza masomo ya kompyuta.

Fuwele hazitoi mwanga zenyewe. Nyuma yake huwekwa taa, na kwa sababu vichujio na rangi humeza sehemu kubwa, mwanga unaofika kwenye jicho kwa kawaida ni chini ya sehemu moja kwa kumi ya ule uliotolewa na taa. Katika viwambo bapa vya miaka ya mwanzo taa hiyo ilikuwa bomba jembamba mfano wa taa ndefu za darasani, lenye zebaki kidogo ndani yake. Baadaye taa za LED zilichukua nafasi hiyo, nazo ziliwezekana kutokana na ugunduzi wa LED ya buluu uliowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Tofauti ya taa hizi mbili ni muhimu kwa mnunuzi, kama itakavyoonekana.

Macho ya mwanafunzi

Hoja inayosikika mara nyingi ni kwamba kiwambo bapa huokoa macho. Ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Nukta ya fosfa hung'aa kwa kitambo kifupi sana kisha hufifia ikisubiri mwale urudi. Mwale ukirudi mara 60 tu kwa sekunde, watu wengi huhisi kutetema, hasa kwa pembe ya jicho, nako huchosha na huweza kuleta maumivu ya kichwa. Katika kiwambo bapa kila transista huishikilia nukta yake katika hali ile ile mpaka amri nyingine ije, na picha hutulia.

Lakini kabla ya kutumia hata shilingi moja, mwalimu afungue mahali pa mipangilio ya kiwambo ndani ya kompyuta na kutazama idadi ya mara kwa sekunde. Chogo nyingi zilizoachwa kwenye 60 zina uwezo wa kufanya kazi kwa 75 au 85, pengine kwa kupunguza idadi ya nukta. Badiliko hilo halina gharama, na wanaokaa mbele yake hulihisi papo hapo. Wala kiwambo bapa hakitamsaidia mwanafunzi aliyeketi huku dirisha likiwa nyuma yake na kumulika kiooni, au anayekazia macho saa nzima bila ya kupepesa. Meza zipangwe ili dirisha liwe ubavuni, na ukingo wa juu wa kiwambo usipite usawa wa macho. Inasikitisha kwamba shule nyingi hutafuta fedha za viwambo kabla ya kugeuza meza.

Hesabu ya umeme

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa. Kiwambo cha chogo cha inchi 17 hutumia kiasi cha wati 70 hadi 100 kinapokuwa kazini. Kiwambo bapa cha ukubwa kama huo chenye taa ya bomba hutumia wati 30 hadi 40, na chenye taa za LED wati 15 hadi 25. Lebo iliyo nyuma ya kiwambo isitegemewe sana, kwa kuwa huandika kiwango cha juu kabisa cha ampea, na mwenye kuzidisha ampea hizo kwa volti 230 hupata jibu kubwa kuliko ukweli.

Njia bora ni kupima, na upimaji wenyewe ni zoezi zuri la fizikia. Mita nyingi za Luku zina taa ndogo nyekundu inayomweka kadiri umeme unavyotumika, na juu ya mita pameandikwa ni mimweko mingapi kwa yuniti moja. Tuseme ni 1,000. Kwenye jengo ambalo mita yake inahudumia chumba hicho tu, vifaa vyote vizimwe isipokuwa viwambo 20, kisha wanafunzi wahesabu mimweko kwa dakika 6, ambazo ni sehemu ya kumi ya saa. Wakipata mimweko 160, basi kwa saa nzima ingekuwa 1,600, yaani yuniti 1.6, na kila kiwambo kinatumia wati 80.

Chukua sasa shule yenye viwambo 20 vya wati 80, ikifikiria kuweka vya wati 20. Akiba ni wati 60 kwa kila kimoja, au wati 1,200 kwa vyote. Chumba kikitumika saa 6 kwa siku, siku 200 kwa mwaka, akiba ni yuniti 1,440. Kwa bei ya mfano ya shilingi 300 kwa yuniti, hizo ni shilingi 432,000. Ikiwa kiwambo bapa kilichotumika kinapatikana kwa shilingi 100,000, gharama ya vyote ni shilingi 2,000,000, nazo zitarudi baada ya miaka minne na miezi saba au minane. Ikiwa chumba kinatumika saa 2 tu kwa siku, akiba hushuka hadi shilingi 144,000 kwa mwaka, na fedha hazitarudi kabla ya miaka 13, muda ambao kiwambo kilichotumika hakitarajiwi kuufikia. Kila shule iweke bei zake halisi mahali pa hizi za mfano. Jambo la kushika ni kwamba saa za matumizi huamua zaidi kuliko kitu kingine chochote. Shule iliyoungwa na gridi ya taifa, yenye kipindi kimoja au viwili vya kompyuta kwa siku, haina sababu ya umeme ya kuondoa chogo zilizo nzima.

Umeme wote unaoingia katika viwambo hatimaye hugeuka kuwa joto chumbani. Chogo 20 za wati 80 hutoa wati 1,600, kama pasi ya umeme iliyoachwa ikiwaka tangu asubuhi hadi jioni. Mahali pa baridi kama Njombe hapana atakayelalamika. Katika chumba cha Dar es Salaam au Tanga chenye wanafunzi 40, ni jambo jingine, na kama pana kiyoyozi, shule hulipa mara mbili, kwanza kwa kulileta joto na tena kwa kulitoa.

Kwa shule inayotumia umeme wa jua, jibu hugeuka kabisa. Viwambo 10 vya wati 80 kwa saa 5 huhitaji yuniti 4 kwa siku; vya wati 20 huhitaji yuniti 1. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi yuniti 1.2, lakini isiyotaka kuuawa mapema hutumiwa nusu tu, yaani yuniti 0.6. Siku ya mawingu mazito, chogo zingehitaji betri 7 kwa ajili ya viwambo pekee, ilhali viwambo bapa vingehitaji 2. Bei ya betri 5 zilizookolewa, ambazo baada ya miaka michache zingehitaji kununuliwa upya, ni sehemu nzuri ya bei ya viwambo vyenyewe. Tena chogo inapowashwa huvuta umeme mwingi kwa nukta chache za sekunde ili kufuta usumaku kwenye bamba lake la chuma, na inveta ndogo huweza kuzimika kwa mshtuko huo. Shule kama hiyo isisite kubadilisha.

Yapo mazoea yanayostahili kuachwa, kiwambo kiwe cha aina yoyote. Picha zinazocheza-cheza pale kompyuta inapoachwa bila mtu hazipunguzi matumizi ya umeme. Zilibuniwa kuzuia picha moja isiichome fosfa ya chogo. Kinachopunguza matumizi ni kukizima kiwambo.

Watatu kwenye meza moja

Watengenezaji huandika maelezo ya bidhaa zao wakimfikiria mtu mmoja aketiye mbele ya kiwambo kimoja. Katika shule nyingi za Afrika Mashariki, wanafunzi watatu au wanne hushiriki kompyuta moja, wawili wakiwa pembeni, na pengine mmoja amesimama nyuma. Chogo huwatendea haki wote hao, kwa kuwa fosfa hutawanya mwanga kila upande. Viwambo bapa vya bei nafuu vyenye fuwele za msokoto havifanyi hivyo. Anayetazama kwa pembeni huona rangi zimefifia, na anayetazama kutoka chini huona picha imekuwa giza au rangi zimegeuka kinyume. Shule inayofanya badiliko bila ya kulijua hili huweza kujikuta imempa aliyeketi katikati kiwambo bora, na wenzake wawili kiwambo kibaya kuliko cha awali. Ipo aina nyingine ya fuwele, iitwayo IPS, ambazo hugeuka zikiwa zimelala sambamba na kioo badala ya kusimama, na picha yake haibadiliki sana pembeni. Kwa darasa la kushirikiana, hiyo ndiyo ya kutafutwa, hata kwa kuongeza fedha kidogo. Njia ya kuitambua ni kukiwasha kiwambo, kuweka picha ya uso wa mtu, kisha kusogea mpaka karibu na ubavu wake.

Vipimo vya inchi navyo hudanganya. Inchi za chogo hupima tyubu nzima, pamoja na sehemu iliyofichwa na fremu, hivyo chogo cha 17 huonyesha takriban inchi 16 tu, na kiwambo bapa cha 15 hakipungui sana kwake. Zaidi ya hayo, inchi hupima mshazari. Kwa kanuni ya Pythagoras, kiwambo bapa cha inchi 17 chenye uwiano wa 5 kwa 4 kina upana wa sentimeta 33.7 na kimo cha sentimeta 27.0. Kile cha kisasa cha inchi 18.5 chenye uwiano wa 16 kwa 9 kina upana wa sentimeta 41.0, lakini kimo chake ni sentimeta 23.0 tu. Mwenye kuandika barua au kusoma ukurasa ataona mistari michache zaidi katika kiwambo kinachodaiwa kuwa kikubwa. Kwa filamu kinafaa. Kwa kazi za ofisi na masomo, kile cha umbo la zamani hakina ubaya wowote.

Kununua kilichokwisha kutumika

Chogo inaweza kuonyesha 800 kwa 600 au 1,024 kwa 768 kwa usafi ule ule, kwa kuwa mwale huchora popote unapoamriwa. Kiwambo bapa kina nukta zisizoongezwa wala kupunguzwa, na kikipewa picha isiyolingana nazo hulazimika kuinyoosha, nayo herufi huwa na ukungu. Kwa hiyo yafaa kompyuta yenyewe ya shule ichukuliwe mpaka dukani, iunganishwe, na ionekane kama inaweza kutoa idadi ya nukta iliyoandikwa kwa kiwambo hicho. Itazamwe na mifereji ya waya. Kompyuta za zamani hutoa picha kwa njia ya VGA, ambayo ni ya analojia, na viwambo vingi vipya vina tundu la HDMI tu. Waya wa kuunganisha pekee hautoshi hapo, bali huhitajika kigeuzi chenye sakiti yake.

Kiwambo kilichotumika kiachwe kiwake kwa muda wa nusu saa kabla ya kulipwa. Bomba la taa lililochakaa huanza na rangi ya waridi au manjano na hubaki hafifu hata baada ya kupata joto. Kapasita zilizovimba hujulikana kwa kiwambo kinachowaka kikazima, kikawaka kikazima. Kapasita hubadilishwa na fundi kwa gharama ndogo, lakini bomba ni shida zaidi, na ndiyo maana chenye taa za LED hupendelewa. Picha nyeusi tupu na nyeupe tupu zitaonyesha nukta zilizokufa. Moja au mbili pembeni si neno. Mistari iliyosimama toka juu hadi chini ni ugonjwa usiotibika.

Kufuta vumbi kwafaa kufanywa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji, bila spiriti, wala uso wa kiwambo bapa usikandamizwe kwa kidole. Wanafunzi waliozoea kioo kigumu cha chogo huligonga lile jambo walionyeshalo kwa kalamu, nao waambiwe mapema.

Chogo iliyoondolewa iende wapi

Uamuzi wa kununua huwa haujakamilika mpaka swali hili lijibiwe, na mara nyingi haliulizwi. Kiwambo cha zamani kikisukumwa nyuma ya stoo, hapo huja siku ambapo mtu hukivunja ili apate shaba ya koili. Tyubu isiyo na hewa ikipasuka, vipande vya kioo huruka kwa kasi. Ndani yake huweza kuwa bado mna umeme uliohifadhiwa hata baada ya kuchomolewa ukutani, na fundi asiyejua huweza kurushwa. Mapande ya kioo yakiachwa shimoni, risasi iliyomo huweza kuyeyuka polepole ikaingia katika udongo na maji, na plastiki ya waya ikichomwa hutoa moshi wenye sumu. Risasi huathiri zaidi ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima, na shule ni mahali pa watoto.

Zamani kioo cha tyubu kuukuu kilinunuliwa na viwanda vilivyotengeneza tyubu mpya. Tangu viwanda hivyo vifungwe, kioo chenye risasi kimekosa mnunuzi duniani kote, na nchi zenye fedha zimejikuta na maghala yaliyojaa. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ulioanza kutumika 1992, na ule wa Bamako wa mwaka 1991, ulioanza kutumika 1998, iliwekwa kwa madhumuni ya kuzuia takataka za hatari zisisafirishwe ovyo kutoka nchi hadi nchi. Hata hivyo kifaa kinachoitwa msaada hupita kwa urahisi kuliko kinachoitwa taka. Mkuu wa shule anayeahidiwa zawadi ya viwambo vya chogo leo hana budi kuuliza ni vingapi vinafanya kazi, na ni nani atakayevichukua vitakapokufa.

Kwa shule ya serikali, viwambo ni mali ya umma, na haviondolewi bila ya kibali cha kufuta mali chakavu. Baada ya kibali, nchini Tanzania hukabidhiwa kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni, wala si kwa mnunuzi wa vyuma apitaye na mkokoteni. Hadi siku ya kukabidhi, tyubu zikae mahali pakavu, uso ukielekea chini juu ya kitu laini, zisibebanishwe, na shingo zake nyembamba zisigongwe. Mwanafunzi asitumwe kuzibeba peke yake.